Jina Lako Liko Kwenye Daftari Gani? Historia ya Hisa na Hati Fungani kwa Mama wa Kilimanjaro

SEHEMU YA 1: Hisa si mgeni hapa mlimani

 

Tangu nianze kuandika kuhusu kuandaa hela ya uzazi na ada ya mtoto, swali moja linarudi kila wiki kwenye meseji zangu: "Nesi, hizi hisa na hati fungani si mambo ya watu wa Dar wenye suti? Sisi wa Majengo, wa Kibosho, wa Rombo, tunayawezea wapi?"

Jibu langu ni refu kidogo, ndiyo maana nimeligawa sehemu sita. Soma polepole, hata ukiwa unanyonyesha. Na leo sitaanza na bei wala riba. Nitaanza na historia, kwa sababu ukijua tulikotoka utaacha kuogopa haya maneno.

Kwanza tuelewane. Hisa ni kipande cha umiliki. Ukiwa na hisa ya kampuni, wewe ni mmoja wa wenye nayo: ikipata faida na ikaamua kuigawa unapata gawio, ikiyumba na wewe unayumba. Hati fungani ni mkopo. Wewe ndiye unayekopesha, iwe serikali au kampuni, halafu unalipwa riba kwa tarehe zinazojulikana, na muda ukiisha unarudishiwa hela yako. Kwa kifupi, kwenye hisa wewe ni mwenye nyumba, kwenye hati fungani wewe ni mkopeshaji.

Tena wengi wenu mmeshazoea. Kikoba chenu kinapokutana Jumamosi na kila mtu ananunua hisa moja mpaka tano, katibu akaandika kwenye daftari, mnafanya nini? Mnanunua umiliki. Mnapokopeshana na kurudisha na riba, mnafanya kazi ileile ya hati fungani kwa udogo wake. Desemba mkivunja kikoba, kila mtu anaangalia mstari wa jina lake.

Huo mstari wa jina ndio nataka tuufuate leo. Mlima huu una karibu miaka mia moja ya watu wa kawaida, wakulima wasio na suti, kumiliki mali kubwa kwa njia ya karatasi. Kwa hiyo swali la kama Mchagga wa kijijini anaweza kuwa mwanahisa lilishajibiwa zamani sana na wazee wetu. Swali ambalo bado linatusumbua ni jingine: kwenye hilo daftari, limeandikwa jina la nani?

SEHEMU YA 2: Kahawa ya baba, ndizi za mama

Kahawa ilipandwa kwenye mlima huu na wamisionari Wakatoliki, pale Kilema, mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima wa Kichagga walipoanza kuilima wenyewe kwenye vihamba vyao, walowezi wa Kizungu hawakufurahi. Walitaka Mwafrika abaki kibarua wa shamba lao, sio mshindani wao sokoni.

Mwaka 1925 wakulima wakaungana. Wakaanzisha chama kilichoitwa Kilimanjaro Native Planters Association, kwa kifupi KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Kazi yake ilikuwa kupambana na wadudu wa kahawa, kutafuta soko, na kulinda haki ya Mchagga kulima zao hilo. Baadaye kikaingia kwenye madeni na migogoro, na serikali ya kikoloni ikasimamia kuundwa kwa chama kingine mahali pake. Mwaka 1933 kikazaliwa kile mnachokifahamu wote, KNCU, muungano wa vyama vya msingi vya wakulima, na meneja wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, A.L.B. Bennett.

Sasa angalia jinsi mfumo ulivyofanya kazi, kwa sababu ni somo zuri la uwekezaji. Mkulima alipeleka kahawa yake kwenye chama cha kijiji, akapimiwa, ikaandikwa, akapewa malipo ya awali. Kahawa ikakobolewa, ikauzwa, gharama zikatolewa. Kilichobaki kikarudi kwa mkulima kama malipo ya pili. Yale malipo ya pili ndiyo bibi zetu na mama zetu waliyasubiri kulipia ada. Yaani mtu hakuuza zao lake akaondoka. Alibaki na sehemu yake kwenye biashara mpaka mwisho, na alikuwa na kura kwenye mkutano.

Kura hiyo ilikuwa ya namna yake. Kwenye ushirika, mwanachama mmoja ana kura moja, awe na mibuni 50 au 5,000. Kwenye kampuni, kura zinafuata idadi ya hisa. Kumbuka tofauti hiyo, tutaihitaji mbele.

Haya, turudi kwenye jina. Mwanachama alikuwa nani? Mara nyingi alikuwa mwenye kihamba, na kihamba kilikuwa cha baba, kikirithiwa na mtoto wa kiume. Kahawa ikawa zao la baba. Mama alipalilia, alichuma, alimenya na kuanika, lakini mstari kwenye daftari la chama ulikuwa na jina la mume wake. Mama alibaki na ndizi na maziwa. Hela ya Mwika sokoni ilikuwa yake, ndogo ndogo, ya chumvi, sabuni na mafuta ya taa, na hela ya kahawa ilikuwa ya mzee, kubwa, ya mara chache kwa mwaka.

Sisemi haya kuwachongea wazee wetu. Nyumba nyingi ziliishi vizuri hivyo, na watoto wengi walisoma kwa kahawa. Ila fikiria baba akifariki mapema, au akioa mke mwingine, au hela ya malipo ya pili ikiishia kwenye mbege kabla haijafika nyumbani. Yule mama alikuwa na miaka 20 ya kazi mgongoni, lakini hakuwa na mstari hata mmoja wenye jina lake.

Na hata wale wenye jina hawakuwa salama kila wakati. Mwaka 1937 bei ya kahawa ilikuwa mbaya, na sheria ilimlazimisha mkulima auze kupitia KNCU tu. Watu wakakasirika, wakavamia majengo ya vyama sehemu mbalimbali za mlima. Serikali ikatumia nguvu kuwanyamazisha. Walikuwa wamiliki kwenye karatasi, lakini walihisi chama si chao. Somo lake halijazeeka: kuwa mwanahisa bila kuuliza maswali na bila kusomewa hesabu ni nusu ya umiliki.

Miaka ya 1950 bei ilipanda na KNCU ikanawiri. Ukipita karibu na mnara wa saa hapa Moshi mjini, lile jengo la KNCU unaloliona limetokana na kilo za kahawa za watu wa vijijini, gunia kwa gunia. Wengine wenu mnapita hapo kila siku mkienda Mbuyuni na hamjawahi kufikiria kwamba mnapita mbele ya uwekezaji wa babu zenu.

SEHEMU YA 3: Miaka ambayo hisa ilikuwa neno baya

Mtu ananiuliza, "Sasa kama tulianza mapema hivyo, mbona mama yangu hakuwahi kunifundisha habari za hisa?" Swali zuri. Jibu liko mwaka 1967.

Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Mara moja mabenki ya kigeni yakataifishwa, ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara. Ndani ya Azimio kulikuwa na miiko ya viongozi: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na Azimio likafafanua kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mke wake, au na mume wake. Watumishi wa serikali wa ngazi ya kati na ya juu nao walihesabiwa humo. Kwa hiyo mke wa ofisa alibanwa na mwiko wa mume, hata kama hela ilikuwa yake ya kushona vitambaa.

Lengo la Azimio lilikuwa kuzuia viongozi wasijitajirishe kwa migongo ya wananchi, na wapo wazee wanaolikumbuka kwa heshima hadi leo. Lakini upande huu wetu wa mazungumzo, matokeo yake ni kwamba kizazi kizima kilikua kikijua hisa ni jambo la aibu au la hatari. Hapakuwa na soko la hisa. Mama yako hakukufundisha kwa sababu na yeye hakufundishwa.

Kisha mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, KNCU ikiwemo, na kazi zake zikapewa mamlaka ya zao. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mkulima wa Machame: chama ulichokijenga zaidi ya miaka 40 kinafutwa kwa uamuzi ambao hukuupigia kura. Sheria mpya ya ushirika ilikuja mwaka 1982 na KNCU ikarudi mwaka 1984, ila imani haikurudi yote. Halafu mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yakavunjika, bei ikaporomoka duniani, na kuna watu huku juu walioacha kuihudumia kahawa kabisa.

Wasomaji wadogo, hapa ndipo mnapopaelewa wazazi wenu. Ukimwambia mzee "weka hela kwenye karatasi", anakutazama kwa jicho la mtu aliyeona karatasi zikifutwa. Usimcheke. Ana sababu.

Katikati ya miaka hiyo kuna jambo moja lilifanyika ambalo kina mama wengi hawalijui. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisema wazi kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanaume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1971! Kwa hiyo mama, ukienda kufungua akaunti ya hisa leo na mtu akakuambia eti lete ruhusa ya mume, hiyo ruhusa haiko kwenye sheria. Kushirikishana nyumbani ni jambo jema, mimi mwenyewe nalihimiza. Lakini kushirikishana na kuomba kibali ni vitu viwili.

SEHEMU YA 4: Aprili 1998

Mwaka 1991, kwenye maamuzi ya Zanzibar, chama tawala kililegeza ile miiko. Mwaka 1994 ikapitishwa sheria ya masoko ya mitaji na dhamana, ikaundwa mamlaka ya kuyasimamia, ambayo leo tunaiita CMSA. Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, likasajiliwa mwaka 1996 na likaanza biashara Aprili 1998. Kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL, watengenezaji wa gesi. Sisi wa hospitali tunaijua, maana oksijeni ni uhai wa wodi. Ya pili ilikuwa TBL, wenye bia yenye jina la mlima wetu. Fikiria, kuna waliokuwa wanakunywa faida na kuna waliokuwa wanaipokea.

Kabla sijaendelea, nikupeleke mbali kidogo. Mwaka 1602, mjini Amsterdam, kampuni ya biashara ya mashariki iliyoitwa VOC ilifungua daftari la wanahisa. Yeyote aliruhusiwa kuandikisha jina na kiasi. Daftari lilikaa nyumbani kwa mfanyabiashara Dirck van Os. Dada wake wa kazi, Neeltgen Cornelis, aliwaona watu wakiingia na kutoka, na mwisho naye akaandikisha gilda 100. Dada wa kazi! Ile kampuni baadaye ilifanya ukatili mwingi huko Asia, kwa hiyo siisifii. Ninachotaka uone ni kwamba jina la yule dada linajulikana hadi leo, zaidi ya miaka 400, kwa sababu tu liliandikwa.

Turudi nyumbani. Watanzania wengi walikutana na hisa mara ya kwanza kwenye mauzo ya mabenki. Mwaka 2008 hisa za NMB ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 600 moja. Mwaka 2009 zikafuata za CRDB kwa shilingi 150. Mwaka 2017, baada ya sheria kuyataka makampuni ya simu yauze asilimia 25 kwa umma, hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa shilingi 850.

Nini kilitokea baadaye? Angalia hizo tatu, kila moja ina somo lake.

NMB: kufikia mwaka 2024 hisa moja ilikuwa inauzwa zaidi ya shilingi 4,000, na gawio la mwaka 2023 peke yake lilikuwa takriban shilingi 361 kwa hisa. Aliyenunua kwa 600 na akakaa kimya, gawio la mwaka mmoja tu lilimrudishia zaidi ya nusu ya hela aliyotoa.

CRDB: ilipanda, halafu ikaja kushuka hata chini ya ile bei ya mwanzo ya 150. Wengi wakauza kwa hasira. Kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa juu ya shilingi 500. Gawio la mwaka 2023 lilikuwa shilingi 50 kwa hisa. Tupige hesabu ya mama mwenye hisa 500: 500 mara 50 ni shilingi 25,000. Kodi ya zuio ya asilimia 5 ni 1,250. Anabaki na 23,750. Si hela ya kujengea, ila ni hela iliyokuja bila yeye kusimama sokoni.

Vodacom: watu walinunua. Halafu kwa miaka kadhaa bei ikakaa chini ya ile 850 waliyonunulia. Kampuni ni kubwa, kila mtu ana laini yake, lakini kujulikana kwa kampuni si dhamana ya faida kwa mwenye hisa.

Umeona? Wanahisa wa hizo tatu wote walinunua kihalali, kwenye soko linalosimamiwa. Hisa inapanda na inashuka, ndiyo tabia yake. Kwa hiyo hela ya kujifungua mwezi wa tisa, au ada ya Januari, haipelekwi kwenye hisa. Huko inakwenda hela ambayo unaweza kuisahau miaka mitano au kumi.

SEHEMU YA 5: Serikali inapokukopa wewe

Hati fungani za serikali, ambazo wengi huziita bondi, zinauzwa kwa mnada na Benki Kuu ya Tanzania. Mnada wa dhamana za muda mfupi ulianza mwaka 1993, na hati fungani za muda mrefu zikafuata mwaka 1997. Leo kuna za miaka 2 mpaka 25. Ya miaka 25 ilianza mwaka 2021 ikiwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka uliofuata serikali ikashusha riba za hati mpya, na ile ya miaka 25 ikawa asilimia 12.56.

Hapa naomba utulie, maana ndipo uzuri wa hati fungani ulipo. Aliyenunua ile ya asilimia 15.95 riba yake haikushuka. Riba iliyoandikwa kwenye hati yako ndiyo yako mpaka mwisho wa muda. Hati ya shilingi milioni moja kwa asilimia 12.56 inakupa shilingi 125,600 kwa mwaka, inayolipwa mara mbili, yaani 62,800 kila baada ya miezi sita. Mfumuko wa bei mwaka 2024 ulikuwa karibu asilimia 3, kwa hiyo hela yako ilikuwa inakua kweli, hailiwi na kupanda kwa bei ya sukari.

Ugumu wake ni upi? Wa kwanza, kiasi cha chini ni shilingi milioni moja, na hiyo si hela ya kuokota Kiboriloni. Wa pili, ukitaka hela kabla ya muda inabidi uiuze hati yako kwa mtu mwingine kwenye soko la DSE, na siku hiyo bei inaweza kuwa juu au chini ya uliyonunulia. Wa tatu, miaka 25 ni mingi. Mtoto uliyemzaa leo atakuwa mtu mzima mwenye kazi. Kwa wengine hilo ndilo tatizo, kwa wengine ndilo lengo lenyewe.

Kama milioni huna, kuna mlango mwingine. Mwaka 2005 mfuko wa Umoja wa UTT ulianzishwa. Wazo ni la kikoba kikubwa: watu wengi wanachanga, wataalamu wananunua hati fungani na hisa, kila mmoja anahesabiwa vipande vyake. Mwaka 2008 ukaanzishwa Mfuko wa Watoto, ambao mzazi au mlezi anaweka kwa ajili ya mtoto aliye chini ya miaka 18. Kuanzia si lazima uwe na mamilioni. Nikiwa kliniki nikimwona mama ana kadi mpya ya mtoto mkononi, huwa nafikiria: huyu mtoto wiki hii ameandikwa jina lake kwa mara ya kwanza kwenye daftari la chanjo. Kwa nini lisiandikwe na kwenye daftari la vipande?

Na mwaka 2022 NMB walitoa hati fungani waliyoiita Jasiri, kwa ajili ya kupata hela za kukopesha wanawake wafanyabiashara na biashara zinazowahudumia wanawake. Riba asilimia 8.5, muda miaka mitatu. Walitafuta shilingi bilioni 25, zikaja zaidi ya bilioni 74. Yaani watu waliamini kumkopesha mwanamke kuna faida, na wakaweka hela yao hapo. Bibi yangu wa Marangu angeliona hilo angekaa chini.

SEHEMU YA 6: Mbegu za uongo, na kihamba

Siwezi kumaliza bila kugusa DECI. Wakubwa mnaikumbuka. Watu "walipanda mbegu", wakaambiwa watavuna mara mbili na zaidi ndani ya miezi michache, na waliokuwa mbele ni wachungaji. Wa kwanza walivuna kweli, kwa hela za waliokuja nyuma yao. Mwaka 2009 serikali ikaisimamisha, na mwaka 2013 viongozi wake wakatiwa hatiani mahakamani. Kina mama wengi walipoteza hela za ndizi, za maziwa, na hela za vikoba.

Tangu hapo majina yanabadilika tu. Leo inakuja kwenye simu, kundi la WhatsApp, mtu ana picha ya gari. Dalili ni zilezile, kama ugonjwa unaorudi: faida kubwa isiyoshuka kamwe, haraka ya "leo ni mwisho", kulipwa kwa kuleta wenzako, na hakuna anayeweza kukuonyesha leseni. Dawa yake ni moja. Kabla ya kutoa hela, uliza CMSA au Benki Kuu kama hao watu wanatambuliwa. Anayekukasirikia kwa kuuliza, ameshakujibu.

Halafu kuna kihamba. Wazee wetu hawakusoma vitabu vya uwekezaji, lakini tazama kihamba cha zamani. Mibuni iko chini ya migomba. Kuna maharage, kuna magimbi, kuna viazi vikuu. Kuna majani ya ng'ombe, kuna miti ya kivuli ambayo kesho ni mbao. Ndizi za kula leo, maziwa ya kila siku, kahawa ya mara moja kwa mwaka, mti wa mtoto akioa. Bei ya kahawa ilipoanguka, aliyebakiza migomba alikula. Aliyeng'oa kila kitu akabaki na zao moja alilia.

Panga hela yako hivyohivyo. Ndizi zako ni akiba ya dharura, iliyo karibu, ya kukimbilia hospitali usiku. Maziwa ni kikoba na biashara yako ndogo. Kahawa ni vipande na hati fungani, vinavyolipa kwa msimu. Mti ni hisa, ambao hukati mpaka ukomae. Usianze na mti kabla hujapanda mgomba.

Na sasa lile la jina, kwa mara ya mwisho. Kwenye kazi yetu tunaona familia zikija na mgonjwa ambaye hawezi tena kuongea. Baba amelazwa, mke yupo koridoni, hajui kama mume ana akaunti moja au tatu, kama ana hisa, kama kuna hati kabatini. Wakati mwingine hela ipo, lakini hakuna anayejua ilipo. Akifariki, mali ya hisa haigawanywi kwa maneno ya kikao cha ukoo tu. Mahakama lazima imteue msimamizi wa mirathi, na msimamizi hawezi kufuatilia asichokijua.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani wiki hii, kabla ya kununua chochote:

1. Kaeni chini, wewe na mwenzako, mwandike orodha ya kila kitu kilicho kwenye karatasi: akaunti, kikoba, SACCOS, AMCOS ya kahawa, hisa, vipande, bima. Mbele ya kila kimoja andika jina la mwenye nacho.

2. Hesabu ni mistari mingapi ina jina lako wewe mama. Kama ni sifuri, hapo ndipo pa kuanzia, hata kwa kiasi kidogo.

3. Ulizia nyumbani kwa wazazi. Kuna wazee walionunua hisa za benki miaka ile wakasahau, na gawio linawasubiri. Na kama babu alikuwa mwanachama wa ushirika, uliza uanachama huo uko kwa nani sasa.

4. Ukiwa tayari kwa hisa, unahitaji kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki, na dalali mwenye leseni, au programu ya DSE ya Hisa Kiganjani kwenye simu yako. Kwa hati fungani, anza kwa kuuliza benki yako.

5. Usikope kununua hisa. Usiuze ng'ombe wa maziwa kununua hisa.

Mimi ni muuguzi, sio dalali. Sijakuambia ununue hisa ya nani, na bei nilizotaja ni za historia, si ahadi ya kesho. Nimekuonyesha tu njia ambayo watu wa mlima huu waliipita, walipofaidika na walipoumia.

Andika kwenye maoni: ulipofanya ile orodha, umekuta mistari mingapi yenye jina lako? Na kina baba mliosoma mpaka hapa, asanteni. Mwonyesheni mke kabati lenye karatasi lilipo, leo hii, mkiwa wazima.

Naingia zamu ya usiku. Wiki ijayo tutaongelea bima ya afya ya mtoto.